Mbuzi wa Mama Hansa na Chumba cha Asia Kusini

Neema, mkutubi aliyerithi meza yangu, ameniomba niwaandikie ninyi mnaoanza kazi maktabani jinsi Chumba cha Asia Kusini kilivyokuwa, na kwa nini leo kina kompyuta za mitihani mahali palipokuwa na vitabu. Aliniambia, "Andika kurasa chache, mzee, za kuwatia moyo." Nilianza na ya kutia moyo. Hayakujaza nusu ukurasa. Nimeyaacha, naandika yaliyotokea.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vyangu vilikuwa vichache na havikubadilisha kiti nilichokalia, kile chenye mguu mmoja mfupi, ambacho Neema sasa anakiwekea kipande cha boksi kama nilivyokuwa nikifanya mimi.

Nilifika chuoni nikitokea Samuye, nimemaliza kidato cha nne, nimevaa viatu vya kaka yangu vilivyonizidi. Sikuwa nimewahi kuingia maktaba. Shuleni kwetu vitabu vilikaa kabatini ofisini kwa mwalimu mkuu, na kabati lilikuwa na kufuli. Kwa hiyo nilipomkuta Bwana Luhende, mkutubi wa chuo wakati huo, amesimama katikati ya vitabu vingi visivyo na kufuli, nilimhurumia. Nilidhani wezi wamemshinda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nionyeshe viganja."

Nikamwonyesha.

"Umekula karanga."

"Ndiyo, mzee. Kwenye basi."

"Kanawe. Ukirudi ndipo tutajua kama umeajiriwa."

Bwana Luhende alikuwa mtu mwembamba, aliyeongea kama mtu mwenye mtoto aliyelala chumba cha pili. Mwezi wangu wa kwanza ulikuwa wa kufuta vumbi. Mnaolijua vumbi la Shinyanga wakati wa kiangazi mnajua kwamba kazi hiyo haina mwisho. Ukifika rafu ya mwisho, ya kwanza inakungoja. Alinifundisha kutovuta kitabu kwa kukishika utosini, bali kuwasukuma ndani majirani zake wa kulia na kushoto, kisha kukishika kiunoni. Alinifundisha gundi ya unga wa ngano inapikwaje ili isiwe na mabonge, na kwa nini inatiwa dawa chungu kidogo. "Bila dawa," alisema, "umepika uji. Na uji una wateja wake." Alikuwa akizungumzia mende na panya. Nitairudia habari hiyo.

Chumba cha Asia Kusini kilikuja baadaye, pamoja na Dakta Kulwa. Huyu ni mama wa Kahama aliyekwenda kusoma India, akarudi kufundisha historia chuoni kwetu. Alikuwa na wazo moja ambalo hakuliachia: kwamba haiwezekani kufundisha historia ya Shinyanga ukawaruka watu walionunua pamba yetu, wakajenga viwanda vya kuichambua, wakafungua maduka mpaka vijijini, kisha wakaondoka mmoja mmoja na kuacha majina yao juu ya milango. Alitaka wanafunzi wasome walikotoka watu hao, lugha zao, dini zao, biashara zao. Chuo kilimpa kozi, na kikampa chumba cha nyuma kilichokuwa kikitunza viti vilivyovunjika. Vitabu hakikumpa.

Vitabu vilitoka kwa Mama Hansa. Ukoo wao ulikuwa wa wenye kiwanda cha pamba, na yeye alikuwa wa mwisho kubaki mjini. Mume alikwisha kufariki, binti yake Hansa alipelekwa kusoma bweni mbali akiwa mdogo, baadaye akaolewa Uingereza. Mama Hansa mwenyewe alizaliwa dukani kwa baba yake, kijiji cha jirani na kwetu Samuye, akabebwa mgongoni na yaya wa Kisukuma. Dakta Kulwa alimwomba vitabu vya baba yake, naye akavitoa siku hiyohiyo. Vilikuja kwa mkokoteni, vimefunikwa shuka. Naomba mkumbuke mkokoteni huo.

Si mimi wala Bwana Luhende aliyejua kusoma hata herufi moja ya vitabu hivyo. Tukavipanga kwa urefu na kwa rangi ya jalada, nikavigonga muhuri wa chuo ukurasa wa kwanza kila kimoja, nikabandika karatasi ya tarehe mwisho wa kitabu. Ilipendeza sana. Juma lililofuata Mama Hansa akaja kuviona, amevaa sari nyeupe na kandambili.

"Mwangaluka, baba," akaniamkia kwa Kisukuma kisafi kuliko changu.

"Mwangaluka, mama."

Akachukua kitabu kimoja, akakigeuza, akakiangalia nyuma na mbele, akaanza kucheka mpaka akashika rafu.

"Huyu ni Kiurdu. Anafunguliwa upande huu. Wewe umembandika karatasi usoni, umemgonga muhuri matakoni."

Bwana Luhende alikohoa, akaenda kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Ndipo akatufundisha. Maandishi ya Kihindi, alisema, ni nguo zilizoanikwa: kuna kamba juu na herufi zinaning'inia. Kigujarati ni nguo zilezile, ila kamba imekatika. Kiurdu kinatoka kulia kwenda kushoto kama Kiarabu. Kwa somo hilo fupi nimefanya kazi maisha yangu yote. Mwanafunzi akiniuliza, "Mzee, unajua Kihindi?" nilimjibu ukweli: naijua kamba yake tu.

Tangu hapo kila Ijumaa alasiri nilikwenda kwake na vitabu kadhaa kwenye mfuko, ananisomea majina, naandika kwenye kadi kwa Kiswahili. Duka lake la mbele lilikuwa limefungwa. Aliishi vyumba vya nyuma, na nyuma zaidi palikuwa na ua na stoo. Kazi ikiisha ananipa chakula: dengu zilizopikwa na binzari na kitunguu, chapati nyembamba, maziwa ya mgando. Nilishangaa siku ya kwanza. Sisi dengu tunalima, tunajaza magunia, tunauza. Hatumwekei mgeni mezani. Nilikula kwa adabu, kisha nikaomba nyingine bila adabu.

"Nyama huli kabisa, mama?"

"Sijawahi. Wala yai. Dini yetu ndiyo hiyo, hatuli chenye roho. Hata sisimizi simkanyagi kwa makusudi."

"Na mbu?"

"Namwomba aende."

"Anakubali?"

"Hakubali. Amezaliwa huku, mkaidi kama sisi."

Aliniambia hayo kwa maneno mepesi, lakini aliniambia. Hamwezi kusema sikujua.

Chumba kilipata jina zuri, wasomaji hakikupata. Dakta Kulwa alianzisha mhadhara wa Alhamisi. Mwanzoni walikuja wanane, kumi; baadaye mimi, yeye, na mwanafunzi aliyelala kwa sababu chumba kilikuwa na feni. Tukabuni kuonyesha sinema za Kihindi. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani, watu walilia, walipiga makofi, na taa zilipowashwa ili mjadala uanze nilibaki na viti. Niliwahi kumwambia Dakta Kulwa tuufanye mjadala kabla ya sinema. Akasema, "Baba Masele, basi watakuja wakichelewa." Tulijaribu. Walichelewa.

Mwanafunzi mmoja tu alikitumia chumba kwa haja yake ya kweli, na huyo nilimkosea. Aliitwa Shija. Aliazima kitabu kinene cha kujifunzia Kihindi, tulichokuwa na nakala moja, kisha akaacha chuo. Barua zangu hazikujibiwa. Nikasikia yuko Rwamgasa, kwa wachimbaji. Nikaomba ruhusa, nikapanda basi kupitia Kahama mpaka Geita, nikaunga mpaka Rwamgasa. Nilimkuta kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, amejaa vumbi jeupe mpaka kope. Kumbe mafundi wa mashine zile walitoka India, na yeye ndiye aliyekuwa akitafsiri kati yao na wachimbaji.

"Shikamoo, mzee! Umekuja kuchimba?"

"Marahaba. Nimekuja kuchukua kitabu."

Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Shija, una deni la kitabu? Sisi tunadaiwa vya maana!"

Akakitoa ndani ya mfuko wa nailoni, kimefungwa vizuri kuliko nilivyompa. Kurasa zilikuwa na alama za vidole.

"Mzee, hiki ndicho jembe langu. Nikikosa neno la nati au mkanda, watu wanasimama kutwa. Niachie mpaka mwezi ujao, nakuomba."

"Muda wake umepita, Shija."

"Kuna mtu anakingoja?"

Hapakuwa na mtu. Nilimwambia sheria ni sheria, nikakitia begani nikarudi. Nilisifiwa kwenye kikao cha idara kwa kufuata kitabu mpaka machimboni. Nilikisafisha, nikakirudisha rafuni mahali pake, na hakikuazimwa tena hata mara moja. Kila nilipofuta vumbi niliziona zile alama za vidole. Nilizipiga kifutio siku moja, hazikutoka zote.

Bwana Luhende alistaafu, akafariki, nami nikabaki na ufunguo. Miaka ilikwenda. Kisha chuo kikaambiwa kwamba wakaguzi wa kozi watakuja, na kozi isiyo na hazina ya kutosha ya kusomea itafutwa. Dakta Kulwa aliingiwa na hofu. Vitabu tulivyokuwa navyo vingepatikana kwingine. Lakini Mama Hansa alikuwa na vitu ambavyo havikuwepo popote: makasha ya stoo yake. Humo mlikuwa na barua ambazo wanunuzi wa pamba waliandikiana kutoka kijiji hadi kijiji, magazeti ya Kigujarati yaliyochapwa Afrika Mashariki, na nyimbo za harusi na za kulaza watoto ambazo mama yake alizinakili kwa mkono, karatasi baada ya karatasi, nyingine zikiwa na maneno ya Kisukuma katikati kwa sababu alizitunga huku huku.

Mama Hansa alikubali kuyatoa yote. Hansa alikuwa amemwandalia safari ya kwenda kuishi naye Uingereza, na nyumba ilikuwa inauzwa. "Afadhali yakae kwenu kuliko kwa mtu wa kuuza simenti," alisema. Dakta Kulwa akapanga Siku ya Asia Kusini, Mama Hansa awe mgeni rasmi, na siku hiyo atangaze zawadi yake mbele ya watu.

Dakta Kulwa alisafiri kwenda Dodoma kwa ajili ya kozi, akaniachia kikao cha maandalizi. Bwana Nkwabi wa utawala ndiye aliyeongoza. Tulipofika kwenye chakula akanigeukia.

"Mzee, huyu mama ni wako. Anakula nini?"

"Wali, maziwa, mboga. Dengu anazipenda sana."

Mtu mmoja nyuma akacheka puani. "Dengu? Hizi za kwenye magunia?"

"Mzee wangu," Nkwabi akasema, "watu watoke Kahama, mkuu wa chuo amekaa mbele na tai yake, tumpakulie mgeni rasmi dengu? Si watasema chuo kimefulia?"

Wakacheka wote. Nami nikacheka.

"Nyama kwani amekatazwa na daktari?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno lilikuwa moja tu, dini, na kila mtu chumbani mle angeliheshimu. Lakini niliona aibu. Niliona kama wanamcheka mgeni wangu, na kupitia yeye wananicheka mimi niliyekula dengu zake Ijumaa zote hizo. Nikasema, "Ni mazoea tu."

"Basi mazoea siku ya sherehe yanapumzika. Mbuzi."

Ningeishia hapo ingekuwa kosa dogo. Sikuishia. Nilitaka kurudisha heshima yangu, nikasema, "Kama ni mbuzi, basi tufanye kama inavyotakiwa. Aletwe mbele yake akiwa hai, aonyeshwe." Ninyi mliokulia huku mnaujua utaratibu: mgeni mkubwa hachinjiwi kimyakimya, mnyama huletwa, mgeni akaona ni mzima na hana kilema, akaambiwa, huyu ni wako. Wakanipongeza. Nkwabi akasema, "Huyo ndiye mzee wa kweli." Nilikwenda nyumbani nimefurahi.

Siku ikafika. Kulikuwa na kwaya, ngoma, na mwanafunzi aliyesoma hotuba kuhusu pamba bila kuinua macho. Mama Hansa aliketi mbele na sari yake nyeupe, ameshika miwani mkononi. Dakta Kulwa alikuwa amerudi asubuhi ileile, hajui lolote. Kisha Nkwabi akatangaza, na mpishi akatokea nyuma ya maktaba na mbuzi jike mweupe, masikio ya kahawia, kamba mpya shingoni. Kisu kilikuwa kiunoni mwa mpishi. Nilimwona Dakta Kulwa akinitazama.

Nkwabi akasema kwenye kipaza sauti, "Mama yetu, chuo kinakupa heshima. Huyu ni wako."

Mama Hansa alivaa miwani yake. Aliinuka, akaweka kiganja juu ya kichwa cha mbuzi, katikati ya pembe. Kisha akauliza kwa Kisukuma, na sauti yake ikasikika bila kipaza:

"Huyu ni wangu?"

"Wako, mama!" watu wakaitikia.

"Wangu kabisa?"

"Kabisa!"

"Basi wabeja, asanteni. Nimempokea. Apelekwe kwangu, na asifungwe kamba fupi."

Watu walipiga makofi na vigelegele. Waliona mama huyu mjanja, amewashinda kwa desturi yao wenyewe. Mpishi alibaki ameduwaa na sufuria lake la maji ya moto. Wageni wa Kahama walikula wali na kabichi, na Nkwabi alipita karibu yangu akasema chinichini, "Mzee, umetulisha kabichi." Mama Hansa alitangaza zawadi yake kama alivyoahidi, bila neno la lawama. Alipokuwa akiondoka alisimama mbele yangu.

"Baba Masele, wewe umekula kwangu miaka yote."

Nikatazama kandambili zake.

"Njoo Jumatatu uchukue vitu vyako. Nitakuwa nimevipanga."

Jumatatu sikwenda. Nilimtumia ujumbe kwamba nasubiri gari la chuo. Gari lilikuwa limepeleka wanafunzi Kahama. Liliporudi lilihitaji springi. Kisha nikasema rafu hazijapakwa dawa ya mchwa. Kisha nikasema nataka maboksi mapya yenye vifuniko, vitu vile ni vya thamani. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa uongo. Nilikuwa naona haya kuingia ua ule na kumkuta yule mbuzi. Mkokoteni ungetosha. Vitabu vya kwanza vilikuja kwa mkokoteni, wala havikupata mkwaruzo.

Yeye hakujua kwamba nachelewa kwa haya. Alijua nitakuja, kwa hiyo alikuwa amefanya alivyosema: aliwaita vijana wakayafungua makasha, akatoa barua akazifunga mafungu kwa mafungu, magazeti akayapanga upande wake, nyimbo za mama yake akaziweka juu ya benchi fupi karibu na mlango, ili ziwe za kwanza kuchukuliwa. Wiki zikapita. Mvua zikaanza. Mtumishi wake, kwa huruma, akawa anamwingiza mbuzi stoo jioni asilowe. Mama Hansa alikuwa anaumwa miguu, hakwenda huko nyuma.

Nilifika na gari, maboksi mapya yenye vifuniko, na kalamu ya kuandikia namba. Mtumishi akafungua mlango wa stoo. Karatasi zile zilikuwa zimegandishwa na kubandikwa kwa gundi ya unga, ya kizamani, isiyo na dawa. Bwana Luhende alikwisha kuniambia: uji una wateja wake. Benchi lilikuwa tupu. Magazeti yalikuwa yametafunwa mpaka kwenye mikunjo. Mafungu ya barua yaliyokuwa chini yalikuwa yamekanyagwa na kulowa mkojo, wino umekuwa bluu moja. Mbuzi alisimama pembeni, amenenepa, ananitazama kama mtu anayejua kwamba alialikwa.

Nilikwenda kumwambia. Alikuwa kitandani, miguu imefungwa kitambaa chenye mafuta.

"Nyimbo nazo?" akauliza.

"Nazo, mama."

"Zote?"

"Zilikuwa karibu na mlango."

 Nikamwambia, kama anazikumbuka, nitaandika anavyosema, hata leo, hata kidogo.

"Nilikuwa nazisoma," akasema. "Sikuzishika kichwani. Nilijua zipo."

Mtumishi alianza kumlaani mbuzi. Mama Hansa akainua mkono.

"Mwache. Yeye alipewa njaa na mlango. Sisi tulipewa akili."

Alisema sisi. Nimefikiri sana juu ya neno hilo. Angeweza kusema wewe.

Alipoondoka nilimsindikiza mpaka kwenye gari lililompeleka uwanja wa ndege Mwanza. Hansa alikuwa amemfuata, mwanamke mpole, Kiswahili chake cha shuleni. Mama Hansa alinipa kamba mkononi, na upande wa pili wa kamba alikuwa yule mbuzi.

"Mlisema ni wangu kabisa," akasema. "Basi nakupa. Usimchinje."

Wakaguzi walikuja, wakakaa chumbani muda wa kunywa soda. Waliona vitabu ambavyo wangeviona mahali pengine, wakaandika hivyo. Kozi ikafutwa. Dakta Kulwa alihamia chuo kingine. Aliniaga kwa heshima, na heshima ile iliniuma kuliko angenigombeza. Mafundi wakaja na nyaya za kompyuta. Vitabu niliviweka kwenye maboksi yale mapya yenye vifuniko, angalau yakapata kazi, na viko stoo ya chini mpaka leo. Mwaka jana nikastaafu.

Kwa hiyo, wenzangu, ushauri wangu ni mchache. Vinavyoahidiwa vichukueni siku hiyohiyo, kwa chochote chenye magurudumu. Mkiulizwa mgeni anakula nini, semeni, hata wakicheka. Na kwenye boksi la pili kutoka mlangoni kuna kitabu kinene cha kujifunzia Kihindi, kina alama za vidole. Kama mtu wa Rwamgasa aitwaye Shija atafika kukiulizia, mpeni, wala msimwandikie tarehe ya kurudisha.

Sasa niko Samuye. Mbuzi amezaa, na watoto wake wamezaa. Mke wangu amechoka kunieleza kwamba wageni wanatusema: zizi limejaa, na sisi tunawawekea dengu. Nimewaruhusu wachinje wajukuu wa yule mbuzi. Yeye mwenyewe hapana. Amezeeka, meno yamekwisha, anakatiwa majani.

Miezi michache iliyopita Hansa alipiga simu, jioni, mbuzi wanarudi zizini.

"Baba Masele, shikamoo. Samahani nakusumbua. Mama amesahau Kigujarati. Kiingereza pia, na Kiswahili. Anaongea Kisukuma tu, na hapa hakuna hata mmoja anayemwelewa. Kila jioni anauliza kitu, kilekile. Asipojibiwa analia. Hatujui anauliza nini."

"Mwekee simu sikioni."

Nikasikia pumzi. Nikamwamkia kwa Kisukuma, akaitikia vizuri, sauti ya mtoto. Kisha akauliza. Nilimtaka arudie, ingawa nilikuwa nimesikia.

Alikuwa anauliza kama mbuzi amekula.

Nilimtazama pale uani, ameinamia majani yake, anayatafuna taratibu kwa fizi.

"Amekula, mama," nikamwambia. "Ameshiba."

"Wabeja," akasema, akatulia.

Hansa akachukua simu akauliza mama yake alikuwa anataka nini. Nikamweleza. Akaniomba nimfundishe jibu, ili awe anampa mwenyewe kila jioni. Nikamfundisha neno baada ya neno, polepole, akikosea namrudisha, kama mama yake alivyonifundisha mimi kamba ya Kihindi. Alilirudia mpaka likatoka vizuri.

Tangu siku hiyo anajibu mwenyewe. Mimi sijapigiwa tena.